Ufunguo wa Hazina: Kutoka Fontenay hadi Assisi

Safari hii niliipanga kwa kufuata ugomvi. Kwa zaidi ya karne mbili Kanisa la Magharibi lilibishana lenyewe kwa lenyewe: je, mtu anayemhubiri Kristo aliyelazwa horini anaweza kumiliki mashamba, mahakama na masanduku ya dhahabu, na bado akasikilizwa? Ugomvi huo uliacha vitabu na makaburi, na zaidi ya yote uliacha majengo. Yapo Burgundy, mashariki ya Ufaransa. Yapo kando ya mto Rhône. Yapo juu ya vilima vya Umbria, katikati ya Italia. Yote yanafikika kwa treni, basi na miguu. Kila nilipofika niliuliza maswali yale yale: nani alilipa, nani alifanya kazi, na ufunguo wa hazina ulikuwa kwa nani.

Fontenay: jasho lililozaa mali

Kutoka stesheni ya Montbard ni kilomita chache tu hadi kwenye bonde lenye msitu ambamo Bernardo wa Clairvaux aliianzisha abasia ya Fontenay mwaka 1118. Kanisa lake lilibarikiwa mwaka 1147 na Papa Eugeni III, ambaye naye alikuwa mtawa wa shirika hilo hilo. Hakuna mnara, hakuna picha ukutani, hakuna vioo vya rangi. Ghorofani kuna bweni moja refu ambamo watawa walilala sakafuni juu ya mikeka ya majani, bila moto. Moto ulikuwa kwenye chumba kimoja kando, mahali ambapo waandishi waliweza kuyeyusha wino na kupasha vidole.

Shirika lenyewe lilizaliwa mwaka 1098 huko Cîteaux, kusini mwa Dijon, pale Robert wa Molesme na wenzake walipoihama monasteri yao ili waishi Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama ilivyoandikwa. Walikataa kupokea zaka. Walikataa vijiji vyenye watumwa wa ardhi. Walitaka pori na majembe, basi.

Hapo ndipo hesabu ilipowageuka. Pori hupatikana bure au kwa bei ya kutupa. Mtawa halipwi mshahara na hana mtoto wa kumrithisha, hivyo kila kinachozalishwa hubaki ndani ya ua. Mwaka 1132 Papa Inosenti II aliwasamehe zaka juu ya mazao ya kazi yao wenyewe, jambo ambalo jirani yao mkulima hakulipata. Kila mwaka maabate walikutana Cîteaux, na mbinu nzuri ya abasia moja ikawa ya abasia zote. Baada ya vizazi vichache walikuwa na mizabibu ya Vougeot iliyozungushiwa ukuta, wana makundi ya kondoo Uingereza, wanauza sufu hadi ng'ambo. Hapa Fontenay kuna jengo la kufulia chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 50: maji ya kijito yalizungusha gurudumu, gurudumu likainua nyundo, na mawe ya chuma yalichimbwa kilimani hapo hapo. Gurudumu na nyundo vimeundwa upya ili mgeni aone. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulilazimika kuwabana: ardhi mpya watakayoipata walipie zaka kama wengine. Waliokimbia mali walikuwa wameshapatikana nayo.

Nani alilipa? Sehemu ya gharama ya kanisa ilitoka kwa askofu Mwingereza, Everard wa Norwich, aliyekuja kumalizia uzee wake bondeni. Nani alifanya kazi? Watawa, ndiyo, lakini zaidi ndugu wa kazi, wakulima wa kawaida waliovaa kanzu ya shirika bila kuwa watawa kamili. Walikaa upande wao wa kanisa, hawakufundishwa kusoma, na katika uchaguzi wa abate hawakuwa na kura. Ufukara nao ulikuwa na ngazi zake, na aliyekuwa ngazi ya chini nje ya ukuta alibaki ngazi ya chini ndani yake.

Msomaji aliyefika Peramiho, kule Songea, ambako Wabenediktini walianza kazi mwaka 1898, hatashangaa kuona karakana inayozunguka sala. Peramiho si ya shirika la Cîteaux, ila Kanuni ya Benedikto ni moja, nayo inamtaka mtawa aishi kwa kazi ya mikono yake. Mahali popote kanuni hiyo inapofuatwa kwa bidii, ghala hujaa. Swali linalofuata ni la ghala.

Cluny: wafu waliokula kuliko walio hai

Cluny iko kusini zaidi, na huko jambo la kwanza unaloliona ni nafasi tupu. Abasia ilianzishwa mwaka 910 na William, mtawala wa Aquitaine, kwa sharti la ajabu kwa zama zile: isitawaliwe na ukoo wake wala askofu wa jirani, bali iwe ya Petro na Paulo, chini ya ulinzi wa Roma. Uhuru huo ndio uliokuwa mtaji wake. Kazi kuu ya Cluny ilikuwa sala, hasa sala kwa ajili ya marehemu. Abate wake Odilo ndiye aliyeipa Novemba 2 nafasi ya kuwaombea wafu wote. Wakuu wa nchi walitoa mashamba ili majina yao yaingie katika kitabu cha wafu na kusomwa kizazi hadi kizazi.

Mwaka 1088 Abate Hugo alianza kujenga kanisa la tatu. Lilifikia urefu wa mita 187 hivi, na hakuna kanisa la Magharibi lililolizidi mpaka Basilika la Mtakatifu Petro lilipojengwa upya Roma. Nani alilipa? Mfadhili mkubwa alikuwa Alfonso VI, mfalme wa León na Castile, aliyetuma dhahabu kila mwaka. Naye aliipata kwa kuwatoza ushuru watawala wadogo wa Kiislamu wa Andalusia ili asiwashambulie. Kwa hiyo kodi ya mfumaji wa Toledo na ya mkulima wa Zaragoza, wanaoswali mara tano kwa siku, iliinua kuta za kanisa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa Magharibi. Dhahabu hiyo ilipopungua, Cluny ilizama katika madeni.

Abate aliyerithi madeni hayo ni Petro Mheshimiwa, aliyeongoza tangu 1122 hadi 1156. Mwaka 1142 alisafiri hadi Hispania kutafuta fedha, na huko akawalipa wasomi waitafsiri Qurani kwa Kilatini; Robert wa Ketton aliimaliza mwaka 1143. Lengo la Petro lilikuwa kuupinga Uislamu kwa hoja, lakini ili aupinge ilibidi kwanza asome. Nyumbani alikuwa na tatizo jingine. Kwa desturi ya Cluny, mtawa akifa, maskini alilishwa kwa jina lake. Miaka ikapita, majina ya wafu yakazidi ya walio hai, na mikate ya wafu ikaanza kuifilisi monasteri. Petro aliweka kikomo.

Kinachosimama leo ni mkono mmoja wa kanisa wenye dari la mita 30, mnara wa pembe nane na ghala la unga. Sehemu nyingine iliuzwa mwaka 1798, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, na kwa miaka iliyofuata wanunuzi waliibomoa kwa baruti wakiuza mawe. Nilisimama kwenye misingi ya mlango mkuu, nikatembea kuelekea mahali palipokuwa na altare. Katikati ya njia unapishana na mtaa wenye nyumba za watu.

Bernardo wa Clairvaux, mwanzilishi wa Fontenay, aliishambulia Cluny kwa maandishi mnamo 1125. Aliuliza dhahabu inafanya nini kanisani wakati maskini yuko uchi nje ya mlango. Akasema pia jambo kali zaidi: kwamba pambo ni chambo, macho yakishiba dhahabu mfuko hufunguka, na fedha huvuta fedha. Hoja yake haikujibiwa vizuri hadi leo. Hata hivyo, baada ya kuziona abasia zote mbili, nampinga kwa jambo moja. Mlango wa Cluny ulikuwa mjini, na maskini aliufikia kwa miguu akapewa mkate kwa jina la mfu. Fontenay ilijificha msituni. Kanisa lenye dhahabu lilimwona mwenye njaa kila siku. Kanisa lisilo na pambo lilimwona kwa nadra.

Lyon: mfanyabiashara aliyekosa ruhusa

Lyon nilipita kwa kubadilisha treni, nikakaa muda mfupi kwa ajili ya mtu ambaye hakuacha jengo. Mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1173. Valdo, mfanyabiashara tajiri wa mji huu, aligawa mali yake kwa maskini, akalipia tafsiri ya sehemu za Biblia katika lugha ya watu wa kwao, akaanza kuhubiri mitaani akiwa hana kitu. Wengine wakamfuata, wakaitwa Maskini wa Lyon.

Mwaka huo huo wa 1173 askofu mkuu wa Lyon na baraza lake la mapadri walikamilisha mapatano na mtawala wa Forez: akawaachia mamlaka yake juu ya mji. Toka hapo kiongozi wa roho akawa pia bwana wa soko, wa ushuru na wa mahakama. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, ambalo bado linatawala ukingo wa mto Saône, lilianza kujengwa katika kizazi hicho. Mtu mmoja anashuka kutoka kwenye mali, mwingine anapanda hadi kwenye enzi, na wote wawili wako kwenye mtaa mmoja.

Maskini wa Lyon walikwenda Roma wakati wa Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179. Papa Aleksanda III hakuupinga ufukara wao. Alichowakataza ni kuhubiri pasipo kuombwa na mapadri. Walihubiri. Mwaka 1184, huko Verona, Papa Lusio III aliwaweka katika orodha ya wazushi. Walikimbilia mabonde ya Alps, na wazao wao wa imani, Wavaldo, wapo Piemonte hadi leo.

Miaka 25 baadaye Fransisko, mtoto wa muuza nguo wa Assisi, alifanya yale yale aliyoyafanya Valdo. Alivua mali yake hadharani, akakusanya wenzake, akaenda Roma, na mwaka 1209 Papa Inosenti III akambariki kwa mdomo. Ufukara wa Fransisko na wa Valdo ulifanana, na maneno ya Injili waliyoyashika yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa ruhusa: Fransisko aliiomba na akaahidi utii, na Papa wa safari hii alikuwa mjanja wa kutosha kumpa.

Avignon: mali na daftari

Jumba la Mapapa la Avignon ni ngome. Ukilitazama kutoka uwanjani, unaona kuta zinazotisha kabla hujaona dirisha. Mapapa walikaa mji huu tangu 1309 hadi 1377, wakikimbia fujo za Roma na wakiishi chini ya kivuli cha mfalme wa Ufaransa.

Ugomvi wa Burgundy nilioudhani nimeuacha nyuma niliukuta humu ndani. Benedikto XII, aliyeanza kujenga mwaka 1335, alikuwa mtawa wa shirika la Cîteaux. Upande wake wa jumba ni mawe manene na vyumba vikavu. Mrithi wake, Klementi VI, alitoka kwa Wabenediktini wa kanzu nyeusi. Akaongeza jumba jipya, ukumbi mkubwa, kanisa kubwa, na chumba cha kusomea kilichopakwa picha za mwaka 1343: wawindaji, mbwa, ndege, bwawa la samaki. Hakuna mtakatifu hata mmoja ukutani. Katika karamu ya kutawazwa kwake mwaka 1342 walichinjwa ng'ombe 118 na kondoo 1,023. Mwaka 1348, wakati tauni ikiua watu kwa maelfu, aliununua mji wote kutoka kwa Malkia Joanna wa Napoli kwa florini 80,000. Papa huyo huyo, katika mwaka huo huo, alitoa barua za kuwalinda Wayahudi waliosingiziwa kuleta tauni. Anayetaka wabaya wasiwe na jema hata moja atapata shida Avignon.

Chumba nilichokaa zaidi ni hazina ya chini. Mawe ya sakafu yaliinuliwa, na chini yake kulikuwa na mashimo ya kuficha mifuko ya fedha na vyombo vya thamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mapapa wa Avignon walilijua hilo kuliko wafalme wengi. Idara ya fedha ilikuwa na wakusanyaji kila pembe ya Ulaya. Askofu aliyeteuliwa na Papa alidaiwa theluthi ya mapato ya jimbo lake ya mwaka mmoja. Padri aliyepewa parokia na Papa alidaiwa mapato ya mwaka wa kwanza. Asiyelipa alitengwa na sakramenti: siku moja ya Julai 1328 makumi ya maaskofu na maabate walipigwa marufuku kwa sababu ya madeni. Adhabu iliyokusudiwa kwa wazushi ilitumika kama barua ya mdai.

Fedha zilikwenda wapi? Chini ya Papa Yohane XXII, aliyetawala tangu 1316 hadi 1334, zaidi ya nusu ya matumizi yalikwenda kwenye vita vya kurudisha ardhi za Kanisa Italia. Sehemu nyingine ililisha maskini. Kulikuwa na nyumba maalumu ya sadaka, iitwayo Pignotte, iliyogawa mikate kwa wingi kila siku, na uwanja mmoja mdogo wa Avignon unaitwa jina hilo mpaka leo. Wanasheria wa Kanisa walifundisha kwamba mali ya Kanisa ni mali ya maskini, na askofu ni mtunzaji tu. Pignotte inaonyesha kwamba fundisho hilo halikuwa maneno matupu. Daftari za vita zinaonyesha kwamba mtunzaji alijihudumia kwanza.

Perugia: mkate unaoula ni wa nani?

Nilivuka kuingia Italia nikapanda hadi Perugia, mji wa kilimani ambako mapapa walipenda kukaa. Hapa alikufa Inosenti III, Julai 1216. Mtu huyu alikuwa amemfanya Yohane, mfalme wa Uingereza, aikabidhi nchi yake kwa Roma mwaka 1213 na kuahidi ada ya maki 1,000 kwa mwaka. Askofu Jacques de Vitry alifika Perugia mara baada ya kifo hicho, akakuta maiti ya Papa kanisani ikiwa karibu uchi, imeanza kunuka; wezi walikuwa wameyaiba usiku mavazi yake ya thamani. Katika barua hiyo hiyo Jacques alilalamika kwamba watu wa mahakama ya Papa walizama katika kesi na mambo ya wafalme kiasi cha kutosikia habari za roho. Jambo moja tu lilimfariji: wanaume na wanawake wa mkoa ule waliojiita Ndugu Wadogo na Dada Wadogo, walioacha yote.

Perugia ndipo pia ndugu hao walipochezea moto. Fransisko aliwakataza wafuasi wake kumiliki kitu, si mmoja mmoja, si kwa pamoja. Lakini shirika lilikua kwa kasi: likahitaji nyumba, vitabu, makanisa. Mapapa wakatafuta njia ya kisheria. Mwaka 1245 Inosenti IV alitangaza kwamba vitu vyote wanavyotumia ndugu ni mali ya Roma, wao ni watumiaji tu. Hivyo mtu akaweza kuishi katika nyumba ya mawe, akala chakula cha ghala, na bado akasema kwa kiapo kwamba hana kitu.

Baadhi ya ndugu walikataa mchezo huo. Walivaa kanzu fupi zenye viraka na kukataa maghala na stoo za divai. Yohane XXII aliwaamuru watii mwaka 1317, akiandika kwamba ufukara ni mkubwa, usafi wa maisha ni mkubwa zaidi, lakini utii unazidi vyote. Wanne waliokaidi walichomwa moto Marseille, Mei 1318. Mwaka 1322 mkutano mkuu wa shirika, uliokaa hapa Perugia chini ya Mikaeli wa Cesena, ulitangaza kwamba Kristo na mitume hawakumiliki chochote. Papa, ambaye alikuwa mwanasheria hodari, aliwajibu kwa kuwarudishia mali. Aliuliza: mtu anawezaje kutumia kitu kinachokwisha kwa kutumiwa bila kukimiliki? Mkate ukishaula, mmiliki wake ni nani? Novemba 1323 alitangaza kuwa kushikilia fundisho hilo juu ya Kristo ni uzushi. Mei 1328 Mikaeli alitoroka Avignon usiku akiwa na mwanafalsafa William wa Ockham, wakakimbilia kwa adui wa Papa, Ludwig wa Bavaria.

Kwa Papa, hoja ile ilikuwa ya hatari iliyo wazi. Kama Kristo hakumiliki chochote, basi hazina ya Avignon ilikuwa inaficha kesi.

Assisi: kaburi la maskini

Kutoka Perugia hadi Assisi ni mwendo mfupi wa treni. Stesheni iko chini, mji uko juu, na ubavuni mwa mlima unaliona basilika kabla hujaona nyumba. Fransisko alikufa Oktoba 3, 1226. Julai 16, 1228 Gregori IX alimtangaza mtakatifu, na kesho yake akaweka jiwe la msingi la kanisa hili. Kiwanja kilikuwa kilima kilichoitwa cha Jehanamu. Sasa kinaitwa cha Paradiso. Kuingia ni bure, tofauti na Fontenay, Cluny na Avignon.

Makanisa mawili yamepandana, la juu lina picha 28 za maisha ya Fransisko zinazohusishwa na Giotto. Mojawapo inamwonyesha akimrudishia baba yake nguo mbele ya askofu. Rangi ile nzuri, yenye gharama, inasimulia mtu aliyekataa gharama. Septemba 1997 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu ya dari na kuua watu wanne. Mafundi waliunganisha picha upya kutoka kwenye maelfu ya vipande. Masalio ya Fransisko yametunzwa humu pia, pamoja na kanzu ya sufu mbaya yenye viraka. Ukiitoa kanzu hiyo nje, hakuna mlinzi ambaye angeiruhusu kuingia tena.

Nani anamiliki basilika? Nilipenda jibu lake. Mwaka 1228 kiwanja kilitolewa na mtu wa Assisi, kikapokewa na Ndugu Elia kwa niaba ya Papa. Hadi leo jengo ni mali ya Roma. Wafransisko ni watunzaji wa kaburi la baba yao, katika nyumba isiyo yao.

Nje ya San Damiano, konventi ndogo chini ya mji, nilikutana na sista wa Kifransisko kutoka Bukavu aliyekuja kuhiji. Alinisikia nikisema "samahani" kwa bahati mbaya kwa Kiswahili, akacheka.

"Kaka yangu, umetoka wapi?"

"Tanzania, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kusali ama kutazama?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuja kuuliza habari za mali. Akanionyesha miguu yake. "Hata ndala hizi si zangu. Ni za jumuiya."

"Zikikatika?"

"Naomba kwa mkubwa wetu. Naweza kupewa, naweza kuambiwa ngoja. Huko kungoja ndiko ufukara, si ndala."

Kisha akanikumbusha kwamba San Damiano ni nyumba ya Klara, mfuasi wa Fransisko, na kwamba katika hadithi hii wanaume wanazungumzwa mno. Alisema kweli. Klara aliishi humu zaidi ya miaka 40. Gregori IX mwenyewe alimbembeleza apokee mashamba ya kumhakikishia chakula, naye akakataa. Aliomba kwa mapapa haki ya ajabu: haki ya kutolazimishwa na yeyote kuwa na mali. Aliandika kanuni yake mwenyewe, ya kwanza iliyoandikwa na mwanamke kukubaliwa na Papa. Inosenti IV aliidhinisha Agosti 9, 1253. Klara alikufa Agosti 11. Alipigania ufukara maisha yake yote, na kanuni yake iliyoidhinishwa akaishika kwa siku mbili tu.

Hesabu

Nikiziweka daftari pamoja, majengo yanasema hivi. Fontenay ilikataa zaka na ikatajirika kwa nidhamu. Cluny ilitajirika kwa wafu na ikawalisha maskini mpaka ikakopa. Lyon ilimfukuza maskini aliyesema bila kuitwa. Avignon ilihesabu kila florini na kuwatenga maaskofu kwa deni. Assisi ilimjengea maskini kaburi la kifalme na kuandika hati kwa jina la Papa.

Watu husema Kanisa la zama za kati liliupenda utajiri na kuuchukia ufukara. Sikuliona hilo. Liliuheshimu ufukara, likauvika utakatifu, likaupaka rangi ukutani. Kilicholitia hofu ni ufukara usioomba ruhusa, kwa sababu mtu asiye na kitu hana cha kunyang'anywa, na asiye na cha kunyang'anywa ni vigumu kumtawala. Ndiyo maana Fransisko, aliyeahidi utii, alitangazwa mtakatifu chini ya miaka miwili baada ya kufa, na ndugu wanne wa Marseille, waliovaa kanzu yake kama alivyoivaa, wakachomwa moto.

Kwa hiyo msomaji, ukimsikia kiongozi yeyote, wa dini au wa serikali, akijisifu kwa maisha ya kawaida, usimtazame viatu. Yohane XXII hakuwa mlafi, na bado alitawala hazina kubwa kuliko wafalme wengi wa zama zake. Uliza hati ziko kwa jina la nani, nani anaruhusiwa kusoma daftari, na nani anafukuzwa anapouliza. Hayo ndiyo maswali yaliyofaa kuulizwa Avignon mwaka 1323, na waliothubutu kuyauliza walilipa kwa kifungo, kwa uhamisho au kwa moto.